Mizani Nayo Hupimwa: Maana ya Kipimo katika Fikra za Kihindu, za Kibuddha na za Sayansi

Kitenzi "kupima" cha Kiswahili hubeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Fundi cherehani hupima kitambaa kwa futi na muuza duka hupima unga kwa kibaba, lakini daktari naye humpima mgonjwa, hakimu huupima ushahidi, na mtu mzima hutarajiwa kuyapima maneno yake kabla ya kuyatamka. Katika matumizi haya ya pili si lazima pawe na utepe wala jiwe la mizani. Kuna mtu anayetaka kujua jambo likoje na lina uzito gani. Undugu huo wa kupima na kujua umo pia katika Kisanskriti, lugha ya maandiko ya kale ya India, ambamo mzizi "ma", wenye maana ya kupima, umezaa ukoo mkubwa wa maneno: "matra", yaani kiasi, "nirmana", yaani kujenga au kuumba, "anumana", yaani kulifikia jambo lisiloonekana kwa kufuata dalili zake, na "pramana", neno ambalo humaanisha kipimo cha kawaida na papo hapo humaanisha njia sahihi ya kupata maarifa. Wengi huliingiza katika ukoo huo hata neno "maya", ambalo katika falsafa ya baadaye lilikuja kuwa jina la mwonekano unaoficha ukweli, ingawa asili yake hasa ingali inabishaniwa na wanaisimu.

Undugu huo huzaa swali ambalo ni la zamani na bado liko hai: ikiwa kitu hujulikana kwa kupimwa, kipimo chenyewe hujulikana kwa njia gani? Kusema kwamba kipo kipimo kingine cha kukipimia ni kulirudisha swali hatua moja nyuma tu. Wanafalsafa wa Kihindu walilifanya swali hili kuwa msingi wa nadharia yao ya maarifa, Wabuddha wakalitumia kuonyesha kwamba hakuna kitu kinachosimama kwa nguvu zake peke yake, na sayansi ya kisasa, ambayo hudhaniwa na wengi kuwa ilikwisha kuachana na maswali ya namna hiyo, iliishi nalo ndani ya kabati la chuma karibu na Paris kwa miaka 130.

Maandishi ya kale zaidi ya India yanayofundisha upimaji kwa utaratibu hayakutungwa kwa ajili ya soko wala shamba, bali kwa ajili ya ibada. Huitwa Shulbasutra, yaani kanuni za kamba, na ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza, ya Baudhayana, kwa kawaida huwekwa kati ya mwaka 800 na 500 kabla ya Kristo. Zinaeleza jinsi ya kujenga madhabahu ya moto kwa kutumia kamba na vigingi, na madhabahu mashuhuri kuliko yote ni yale yenye umbo la ndege aliyetandaza mabawa, yaliyojengwa kwa matabaka 5 ya matofali 200 kila moja, ili jumla yake iwe 1,000. Eneo lake lilipaswa kuwa mraba wa purusha mara saba na nusu, na purusha, kizio cha urefu kilichotumika hapo, kilikuwa kimo cha mwenye kutoa sadaka mwenyewe, akisimama na kuinua mikono yake juu. Purusha iligawanywa katika angula 120, na angula ni upana wa kidole, kile ambacho wazee wa Kiswahili walikiita wanda.

Jambo la kutazama kwa makini hapa ni kwamba kizio hakikutoka nje ya mtu aliyekitumia. Madhabahu ya mtu mrefu yalikuwa makubwa kuliko ya mtu mfupi, na yote mawili yalikuwa sahihi, kwa sababu usahihi uliotakiwa ulikuwa ule wa uwiano kati ya mwili na jengo. Neno purusha lenyewe humaanisha mtu, na utenzi mmoja wa Rigveda unamsimulia Purusha wa mwanzo ambaye miungu ilimtoa sadaka na ambaye viungo vyake vilikuwa mbingu, dunia, jua na matabaka ya watu. Vitabu vya ufafanuzi wa ibada vikaendeleza wazo hilo kwa kumzungumzia Prajapati, muumba aliyetawanyika kwa kuumba, ambaye mjenzi wa madhabahu humuunganisha tena tofali kwa tofali. Kupima, kwa mtazamo huu, ni sehemu ya uumbaji: pasipopimwa hapana ulimwengu, pana vurugu tu. Ibada hiyo haikubaki kwenye maandishi peke yake, kwani mwaka 1975 Wabrahmini wa Kinambudiri waliitekeleza kwa siku 12 katika kijiji cha Panjal, Kerala, wakiwa na madhabahu ya umbo la ndege.

Masharti ya kuongeza eneo bila kubadili umbo yaliwalazimisha makuhani kuwa wanajiometri, na hapo wakakutana na mshazari wa mraba, ambao urefu wake hauwezi kuandikwa kwa sehemu yoyote kamili ya ubavu wake. Shulbasutra zinatoa kanuni ambayo kwa hesabu za leo ni 577 gawanya kwa 408, jibu linalotofautiana na thamani ya kweli kwa takriban sehemu 2 katika milioni. Lakini kinachostahili heshima kuliko usahihi huo ni jina walilolipa tokeo lao: waliliita "savishesha", yaani lenye ziada, kana kwamba walijua kuwa kamba yao haikufika mwisho wa jambo. Karne nyingi baadaye, mwaka 499, mwanahisabati Aryabhata alisema kwamba duara lenye kipenyo cha 20,000 lina mzingo wa 62,832, naye hakuiacha namba hiyo isimame peke yake, bali aliiambatanisha na neno "asanna", lenye maana ya kukaribia. Mila inayotuhumiwa mara kwa mara kuwa ya mafumbo ilikuwa imekwisha kujifunza kusema kwamba kipimo hukaribia.

Neno pramana lilihama polepole kutoka kwenye kamba kwenda kwenye akili. Shule ya Nyaya, ambayo msingi wake ni kitabu cha kanuni fupi kinachohusishwa na Gautama (si yule Gautama aliyekuwa Buddha), ilifundisha kwamba pramana ni nne: utambuzi wa moja kwa moja kwa milango ya fahamu, kufuata dalili, ulinganisho, na neno la mtu wa kuaminika. Kijulikanacho kwa njia hizo kiliitwa "prameya", yaani cha kupimwa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba ulimtaka kila mdai aonyeshe njia aliyoipitia, kama vile mfanyabiashara anavyodaiwa aonyeshe mawe ya mizani yake, na kwa karne nyingi mabishano ya kifalsafa ya India yaliendeshwa kwa sharti hilo, Wahindu, Wabuddha na Wajaini wakishindana juu ya idadi ya pramana na nguvu ya kila moja.

Nagarjuna, mwanafalsafa wa Kibuddha aliyeishi takriban karne ya 2, aliugonga mpango huo penye kiungo chake. Katika risala yake iitwayo Vigrahavyavartani aliuliza: ikiwa vitu vyote huthibitishwa kwa pramana, pramana zenyewe huthibitishwa kwa nini? Zikithibitishwa na pramana nyingine, mlolongo hauna mwisho. Zikisimama bila kuthibitishwa, basi si kweli kwamba kila kitu huhitaji uthibitisho. Na zikithibitishwa na vitu vilevile zinavyovithibitisha, mtu anakuwa amemzaa baba yake. Wapinzani walikuwa wamesema kwamba pramana ni kama taa, ambayo humulika vitu vingine na kujimulika yenyewe. Nagarjuna alijibu kwamba taa haijimuliki, kwa kuwa kumulika ni kuondoa giza, na ndani ya mwali wa taa hakuna giza la kuondolewa.

Kitabu cha Nyaya kina jibu kwa hoja ya namna hiyo, na wanazuoni hawajakubaliana ni nani hasa alimjibu nani. Jibu hilo limefungwa katika kanuni fupi inayotaja "tula", yaani mizani, nayo ilifafanuliwa na Vatsyayana yapata karne ya 5. Mizani inapopima dhahabu ni pramana. Lakini sonara akiitilia shaka mizani yake, huchukua kipande cha dhahabu ambacho uzito wake umekwisha kujulikana, akakiweka juu yake, na hapo mizani ndiyo inayopimwa: imekuwa prameya. Kwa hiyo kuwa kipimo si asili ya kitu, ni kazi ambayo kitu hupewa kwa muda, na kitu kilekile kinaweza leo kuwa hakimu na kesho kuwa mshtakiwa. (Neno hili la mizani ni ndugu wa "tola", uzani wa gramu zisizofika 12 ambao bado hutumika kwa dhahabu India na katika nchi za Ghuba.)

Jibu la Nyaya ni jibu la karakana, na kwa kazi za karakana halina upungufu. Hata hivyo halikumnyamazisha Nagarjuna kabisa, maana mtu anaweza kuuliza uzito wa dhahabu ile ya kujaribia ulijulikana kwa mizani gani. Nagarjuna hakukana kwamba dhahabu hupimika. Alichokana ni kwamba katika msururu huo wa mizani na dhahabu kuna mahali ambapo mtu hatimaye hukanyaga mwamba, yaani kitu chenye kipimo chake ndani yake, kisichohitaji kingine. Kirefu ni kirefu kwa sababu kuna kifupi, na kipimo ni kipimo kwa sababu kuna kinachopimwa, wala hakuna kati ya viwili hivyo kinachotangulia.

Hoja hiyo ingeweza kuonekana kuwa mchezo wa mantiki, kama Ulaya isingejaribu kuutafuta mwamba huo kwa vifaa na fedha. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, ili kizio cha urefu kisitoke tena kwenye mkono wa mfalme wala mguu wa seremala, bali kwenye dunia yenyewe, ambayo ni ya watu wote. Kati ya 1792 na 1798 wanaastronomia Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain walipima safu ya meridiani kutoka Dunkerque hadi Barcelona, wakipita katikati ya mapinduzi na vita. Méchain aligundua kwamba vipimo vyake vya latitudo huko Barcelona havikuafikiana, akaificha tofauti hiyo, na ikamtesa hadi alipofariki mwaka 1804, akiwa amerudi Hispania kuendelea na kazi ileile. Aliichukulia tofauti ile kuwa dhambi yake binafsi. Mwaka mmoja baadaye Adrien-Marie Legendre alichapisha njia ya kuoanisha vipimo vinavyopingana, na baada yake Carl Friedrich Gauss akaijengea nadharia, na tangu hapo wanasayansi walijifunza kwamba vipimo vya kitu kimoja havilingani kamwe, na kwamba uaminifu ni kuitangaza tofauti hiyo pamoja na tokeo. Kama Méchain angezaliwa miaka thelathini baadaye angeitwa mpimaji makini tu. Mita yake, kwa kuwa dunia ina umbo lisilo sawasawa kuliko ilivyodhaniwa, ilitoka fupi kwa takriban sehemu mbili za kumi za milimita, na hakuna aliyeirekebisha: chuma kilichokatwa kufuata dunia kilibaki kuwa mita, na dunia ikawa ndiyo inayopimwa kwa chuma.

Mkataba wa Mita ulitiwa saini Paris tarehe 20 Mei 1875 na nchi 17, na mwaka 1889 silinda ya aloi ya platini na iridi, yenye kimo na kipenyo cha milimita 39 hivi, ilitangazwa kuwa kilo. Haikuwa nakala ya kilo wala kitu chenye uzito wa kilo moja. Ilikuwa ndiyo kilo. Ilihifadhiwa Sèvres chini ya kuba za kioo, ndani ya kabati lenye funguo tatu zilizoshikwa na watu tofauti, na nakala zake zilipelekwa katika nchi mbalimbali. Nakala hizo ziliporudishwa ili zilinganishwe, katika ukaguzi mkubwa wa mwisho wa kati ya 1988 na 1992, ilionekana kwamba nyingi zilikuwa zimezidi ile ya Sèvres kwa wastani wa takriban mikrogramu 50. Je, nakala ziliongezeka au silinda ya Sèvres ilipungua? Kwa mujibu wa sheria swali hilo halikuwa na maana, kwa sababu silinda ile haikuweza kupungua: kama ingepoteza chembe, basi kila kitu kingine, kuanzia gunia la karafuu hadi Jua, kingekuwa kimeongezeka tungamo kwa siku hiyohiyo. Ludwig Wittgenstein alikuwa amekwisha kuiona hali hii katika kitabu chake cha 1953, alipoandika kwamba mita sanifu ya Paris ni kitu pekee ambacho hakiwezi kusemwa kuwa na urefu wa mita moja wala kutokuwa nao. Nagarjuna angeitambua taa yake.

Tofauti kubwa ya Ubuddha na mapokeo mengine mawili haimo katika mantiki, bali imo katika sababu ya kuuliza. Mahubiri ya awali yaliyohifadhiwa kwa Kipali yanafundisha kwamba tamaa, chuki na upumbavu wa moyo ni watengeneza vipimo: ndivyo vinavyomfanya mtu ajiwekee mpaka, ajilinganishe, na kumweka mwenziwe kuwa mkubwa kuliko yeye, sawa naye, au mdogo kuliko yeye. Kulinganisha huko kwa aina tatu huitwa "mana", yaani majivuno, na mafundisho hayo yanahesabu kuwa majivuno hata kule kujiona duni, kwa sababu anayejidharau naye bado ameshika mizani mkononi na amejiweka kwenye sahani yake. Kinyume cha hali hiyo ni mambo manne yaitwayo "appamana", yasiyo na kipimo: upendo, huruma, furaha kwa ajili ya mafanikio ya wengine, na utulivu wa moyo usioyumba. Yanaitwa hivyo kwa sababu anayeyafanyia mazoezi huanza na mtu mmoja, akayapanua hadi kwa rafiki, kwa asiyemjua, kwa adui, na kwa kila kiumbe kila upande, mpaka swali la nani anastahili kiasi gani linakosa pa kusimama.

Mfano mzuri kuliko yote wa fikra hii ni mazungumzo ya mtawa Khema na Mfalme Pasenadi wa Kosala. Mfalme alimuuliza kama Buddha, baada ya kufa, yuko au hayuko. Khema hakujibu kwa ndiyo wala hapana, bali alimuuliza mfalme kama anaye karani wa hesabu awezaye kuhesabu punje za mchanga wa mto Ganges, au kusema maji ya bahari kuu ni vyombo vingapi. Mfalme alikiri kwamba hanaye, kwa kuwa bahari ni ya kina, haipimiki. Ndivyo ilivyo, alieleza Khema, kwa mtu aliyeachana na yote ambayo kwayo angeweza kutambulishwa na kupimwa. Hapa kutopimika hakutokani na udhaifu wa mpimaji tu. Ni sifa ya uhuru wa yule aliyemaliza safari. Inafaa kukumbukwa pia kwamba anayemfundisha mfalme hapa ni mwanamke, na kwamba simulizi lenyewe linaeleza jinsi mfalme alivyomwendea Buddha baadaye na kupata jibu lilelile.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuwachora Wabuddha kama watu wanaochukia namba. Lalitavistara, kitabu cha maisha ya Buddha, kinamsimulia akiwa kijana akishinda mtihani wa hesabu kwa kutaja majina ya namba moja baada ya nyingine hadi 1 ikifuatiwa na sifuri 53, kisha akihesabu chembe ndogo kabisa zilizomo katika yojana moja, kipimo cha safari cha zamani. Uhindu na Ubuddha vilishirikiana mapenzi hayo ya ukubwa, lakini viliyatumia kwa namna tofauti. Maandiko ya Kihindu ya Purana na ya unajimu yanaipa kalpa, ambayo ni siku moja ya Brahma, hesabu kamili: miaka 4,320,000,000. Buddha alipoulizwa kalpa ni ndefu kiasi gani alijibu kwa mfano wa mlima wa mwamba wenye urefu, upana na kimo cha yojana moja, ambao mtu huupangusa mara moja kila miaka 100 kwa kitambaa laini cha nchi ya Kasi. Mlima utakwisha kabla ya kalpa. Hesabu ya kwanza humpa msikilizaji kitu cha kushika, na ya pili humpokonya.

Wabuddha wa baadaye waliirudia pramana kwa upande mwingine. Dignaga, wa karne ya 5 na ya 6, alizipunguza pramana hadi mbili, utambuzi wa milango ya fahamu na kufuata dalili, na Dharmakirti wa karne ya 7 akafafanua kwamba maarifa sahihi ni yale yasiyomhadaa mtu anapoyatendea kazi: anayeona moto akaukaribia, apate joto. Kwa mujibu wao, milango ya fahamu hukigusa kitu chenyewe, cha pekee na cha wakati huohuo tu, ilhali maneno, namba na vizio ni mambo ya jumla yanayotengenezwa na akili kwa kuondoa tofauti. Mtu anaposema vipande viwili vya mti vina urefu mmoja, amekwisha kuacha mengi kando. Hili ni jambo ambalo mwanasayansi wa leo hana haja ya kulipinga, na ni nadra kusemwa kwa uwazi namna hiyo katika vitabu vya shule: kipimo hupata nguvu yake kwa kusahau karibu kila kitu kuhusu kinachopimwa.

Vedanta, shule ya Kihindu inayozifuata Upanishadi, ilichukua njia nyingine. Mandukya Upanishadi, iliyo fupi kuliko Upanishadi kuu zote, inaigawa silabi takatifu Om katika matra tatu zinazolingana na kukesha, kuota na usingizi mzito, kisha inataja ya nne isiyo na matra, yaani isiyo na kipimo, ambayo ndiyo nafsi ya kweli. Shankara, mfasiri mashuhuri wa karne ya 8 hivi, alishikilia kwamba Brahman, uhalisia wa mwisho, hawezi kuwa prameya, kwa sababu ndiye nuru ambayo kwayo kila upimaji hutokea. Hapo ndipo Vedanta na Nagarjuna wanapoachana moja kwa moja, ingawa wasomaji wa haraka huwachanganya: Vedanta inasema chini ya vipimo vyote upo mwamba mmoja usiopimika, na Nagarjuna anasema hata huo usitafutwe.

Kufikia mwaka 1927 fizikia nayo ilikuwa imelazimika kuliangalia tendo la kupima, ambalo kwa karne tatu lilidhaniwa kuwa ni kusoma tu kilichokwisha kuandikwa. Werner Heisenberg alionyesha kwamba mahali pa elektroni na momenta yake, yaani zao la tungamo na kasi, haviwezi kujulikana vyote viwili kwa usahihi wowote utakiwao. Kadiri kimoja kinavyobanwa ndivyo kingine kinavyotawanyika, na mpaka wa kubana huko umewekwa na namba ndogo mno iitwayo kidumu cha Planck. Niels Bohr alikwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba tabia ya kitu haiwezi kutenganishwa na chombo kinachoipima. Mwaka 1964 John Bell alipata kanuni iliyowezesha jambo hili kujaribiwa, na majaribio yaliyofuata, ambayo kwayo Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2022, yalionyesha kwamba haiwezekani kudhani kuwa chembe zimebeba majibu ya vipimo vyote tangu mwanzo huku kila moja ikiwa haiathiriwi na kinachofanyika mbali nayo.

Hapa ndipo vitabu vingi maarufu vinapokimbilia kutangaza kwamba fizikia imethibitisha yale waliyoyasema wahenga wa Asia. Tangazo hilo linazidharau pande zote. Hoja ya Bohr inategemea namba: kama kidumu cha Planck kingekuwa sifuri, ingeanguka yote. Hoja ya Nagarjuna haitegemei namba yoyote. Inahusu chungu, gari na mwenda njia sawasawa na chembe, na ingebaki hata katika ulimwengu ambamo elektroni hutii sheria za Newton. Isitoshe, "mtazamaji" wa fizikia ya kwanta si lazima awe nafsi yenye fahamu. Eugene Wigner aliwahi kupendekeza mwaka 1961 kwamba fahamu ndiyo inayokamilisha kipimo, lakini wanafizikia wengi leo hawalishiki wazo hilo, kwa kuwa vumbi, hewa au bamba la picha vinaweza kulifanya tokeo lionekane kuwa moja bila mtu yeyote kuwapo. Erwin Schrödinger aliipenda Vedanta kwa dhati na akaitaja mwishoni mwa kitabu chake cha 1944 kuhusu uhai, akiamini kwamba fahamu zote kwa kweli ni moja; hata hivyo mlinganyo wake wa 1926 hufanya kazi vilevile mikononi mwa asiyeamini chochote. Njia ya Dalai Lama wa 14, ambaye amejadiliana na wanasayansi tangu 1987, Zeilinger akiwa mmoja wao, inaonekana kuwa ya uaminifu zaidi. Katika kitabu chake cha 2005 alikubali kwamba sayansi ikithibitisha bila shaka kwamba dai fulani la Kibuddha si kweli, dai hilo liachwe, na elimu ya kale ya mlima Meru, ambao kitabu cha Vasubandhu cha Abhidharma huupa kimo cha yojana 80,000 juu ya maji, ameiweka miongoni mwa yanayostahili kuachwa. Lakini hakukubali kwamba kisichopimika kwa vyombo basi hakipo.

Kilo ya Sèvres ilipata suluhisho lake tarehe 16 Novemba 2018, wajumbe wa nchi wanachama wa Mkataba wa Mita walipokutana Versailles na kupiga kura ya kuifafanua upya, uamuzi ulioanza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Mita ilikuwa imekwisha kuachana na chuma chake mwaka 1960, na tangu 1983 inatokana na kasi ya mwanga, iliyowekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde. Kilo sasa inatokana na kidumu cha Planck, namba ileile inayowawekea mpaka wapimaji wa elektroni, ambayo thamani yake haipimwi tena bali imetangazwa. Anayetaka kuipata kilo anaweza kutumia mizani iliyobuniwa na Bryan Kibble mwaka 1975, ambayo hulinganisha uzito na nguvu ya umeme, na anaweza kuijenga katika nchi yoyote bila ufunguo wa mtu.

Silinda yenyewe haikuyeyushwa. Imebaki Sèvres ndani ya kuba zake, na azimio lilelile lililoivua cheo lilisema kwamba tungamo lake siku hiyo lilikuwa kilo moja, kwa mashaka ya sehemu moja katika milioni mia, yaani mikrogramu 10 zaidi au pungufu, na kwamba kuanzia hapo thamani yake itatafutwa kwa majaribio. Kwa mara ya kwanza tangu 1889 inaruhusiwa kuuliza kama imepungua.